Wanamuziki wa Kigogo

Wanamuziki wa Kigogo ni wapigaji wa ala, waimbaji na wachezaji wa ngoma wanaotoka kwa Wagogo, kabila kubwa la Mkoa wa Dodoma katikati ya Tanzania, hasa katika wilaya za Bahi na Chamwino na katika Jiji la Dodoma. Asili ya muziki wao ni shughuli za kijiji kizima: kilimo, mavuno, jando na harusi. Tangu katikati ya karne ya 20 baadhi yao wameufanya kuwa kazi ya kuwapatia riziki kwa njia mbili, yaani kurekodi na kutumbuiza jukwaani. Anayejulikana zaidi kati yao ni Hukwe Ubi Zawose (takriban 1938 – 30 Desemba 2003).

Njia hizo mbili ndizo zilizowainua pia wanamuziki wa blues, roki na soul huko Marekani na Uingereza, na mara kadhaa historia hizo zimekutana na historia ya Wagogo. Kote huko limebaki swali moja: wimbo ulioanza kama mali ya kijiji ukishakuwa bidhaa, nani anafaidika nao?

## Nchi na majira

Wilaya ya Bahi ilianzishwa mwaka 2007, wakati Wilaya ya Dodoma Vijijini ilipogawanywa kuwa Bahi na Chamwino. Katika sensa ya mwaka 2012 ilikuwa na wakazi 221,645. Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, inapita katika mji wa Bahi.

Nchi hiyo ni tambarare na kame. Mvua ya eneo la Dodoma ni kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mbuga ya Bahi hujaa maji wakati wa mvua na kando yake hulimwa mpunga. Kwingine watu hulima mtama, uwele, karanga na alizeti, na kufuga ng'ombe na mbuzi.

Majira haya yamepanga pia kalenda ya muziki. Kuanzia mwezi wa kwanza wa mvua hadi mavuno watu wako shambani. Baada ya mavuno, kiangazi kinapoanza, kuna chakula na kuna nafasi, na huo ndio wakati wa ngoma na jando. Kwa hiyo katika maisha ya zamani hakukuwa na mtu aliyeishi kwa muziki peke yake. Mpigaji zeze alikuwa mkulima na mfugaji kama jirani zake, na malipo yake yalikuwa pombe, chakula na heshima.

## Ala na aina za nyimbo

Ala kuu za Wagogo ni hizi:

- Ilimba: sanduku la mbao lenye vijiti bapa vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Ilimba kubwa zinaweza kuwa na makumi ya vijiti. Kwenye sanduku hutobolewa matundu madogo yanayofunikwa kwa utando wa mayai ya buibui, ili sauti itoke na mvumo wa kukwaruza kidogo.
- Zeze: ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde, yenye kibuyu cha kukuza sauti. Zeze la kawaida lina uzi mmoja au mbili, lakini wapigaji mahiri wametengeneza yenye nyuzi zaidi.
- Muheme: ngoma zenye kiuno chembamba ambazo wanawake huzibana kati ya mapaja na kuzipiga kwa mikono. Jina hilo ni pia la mchezo wenyewe.
- Njuga, kayamba na filimbi: hutumika kusindikiza uimbaji na uchezaji.

Kati ya aina za nyimbo na michezo zinazojulikana ni nindo, ambayo ni uimbaji wa sauti kadhaa kwa pamoja, msunyunho, na cipande inayohusiana na jando.

## Mfumo wa sauti na suala la blues

Uimbaji wa Kigogo unatambulika haraka kwa sababu ya mpangilio wa sauti zake. Uzi au bomba lolote likitoa sauti, ndani yake kuna sauti nyingine za juu zaidi zinazofuatana kwa hesabu: mara mbili ya mtetemo wa kwanza, mara tatu, mara nne na kuendelea. Wataalamu wa muziki, akiwemo Gerhard Kubik wa Austria, wameonyesha kwamba ngazi ya Wagogo inalingana na sauti ya nne hadi ya tisa katika mfuatano huo.

Sauti ya saba ndiyo inayowashangaza wageni. Haipatikani kwenye piano wala kwenye gitaa lililofungwa kwa kawaida, kwa kuwa iko chini ya noti iliyo karibu nayo kwa takriban theluthi moja ya nusutoni. Masikio yaliyozoea kinanda cha kanisani huisikia kama imeteleza kidogo. Kwa Mgogo iko mahali pake hasa.

Msikilizaji wa blues anaijua hali hiyo. Waimbaji wa blues nao hushusha baadhi ya noti, ikiwemo ya saba, na wapiga gitaa huvuta nyuzi ili kufikia sauti zisizokuwepo kwenye ala. Vilevile mvumo wa utando wa buibui kwenye ilimba unafanya kazi inayofanana na ile ya kikuza sauti kilichofunguliwa hadi gitaa la umeme likakwaruza, sauti iliyo moyo wa blues-roki.

Hata hivyo, mfanano huo si ushahidi kwamba blues ilitoka Ugogo. Watu wengi waliopelekwa utumwani Marekani walitoka Afrika ya Magharibi na ya Kati, na Kubik mwenyewe alitafuta mizizi mikuu ya blues katika ukanda wa savana wa Afrika ya Magharibi. Ila mfanano huo unasaidia kueleza kwa nini wasikilizaji waliolelewa kwa blues na soul waliupokea muziki wa Kigogo kwa urahisi walipousikia.

## Kutoka kijijini hadi kikundi cha taifa

Desemba 1962, alipokuwa Rais, Julius Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Lengo lilikuwa kurudisha heshima ya sanaa za asili zilizodharauliwa wakati wa ukoloni. Katika miaka hiyo ya 1960 kiliundwa kikundi cha ngoma cha taifa, na wasanii walitafutwa mikoani.

Mmoja wao alikuwa Hukwe Zawose, aliyejifunza muziki kwa baba yake alipokuwa mtoto mchungaji vijijini Dodoma. Nyerere alivutiwa na upigaji wake na kumwalika ahamie Dar es Salaam. Huko mpiga ilimba wa Kigogo alilipwa mshahara kwa kupiga ilimba.

Upande wa pili wa sera hiyo ulikuwa mkali. Mwishoni mwa mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja kwamba ulikuwa wa kigeni na unaharibu vijana. Hivyo katika jiji moja na wakati mmoja ilimba ilifunguliwa mlango huku soul ikifungiwa. Soul haikufa kwa amri hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam ilipiga gitaa za umeme kwa mtindo uliochanganya roki, soul na midundo ya Kiafrika. Rekodi zake zilitolewa upya na kampuni ya Strut mwaka 2016, miaka 40 baada ya albamu yake Ave Africa.

Mwaka 1981 kilianza Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na wasanii wa kikundi cha taifa walikuwa miongoni mwa walimu wake. Mwaka 2007 chuo hicho kikawa wakala wa serikali kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Zawose alifundisha huko, akajenga makazi, na ndugu zake wengi walimfuata. Kwa njia hii sehemu muhimu ya muziki wa Kigogo ilihamia pwani, mamia ya kilomita kutoka Bahi na Chamwino.

## Kurekodi

### Rekodi za utafiti na za redio

Rekodi za mapema zinazojulikana ni zile za Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 akinasa muziki wa makabila mengi, wakiwemo Wagogo. Leo zimehifadhiwa na Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika iliyoko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Baadaye Mhispania Polo Vallejo alitafiti kwa miaka mingi muziki wa kijiji cha Nzali, na alishiriki kutengeneza filamu Africa: The Beat (2011) inayoonyesha muziki huo katika maisha ya kila siku.

Rekodi za utafiti zimeokoa nyimbo zisipotee, lakini hazikuwa njia ya kazi. Mwimbaji aliimba mara moja, mgeni akaondoka na mkanda. Redio ya taifa nayo ilirekodi ngoma na kwaya na kuzifikisha nchi nzima. Kurushwa hewani kuliwapa wasanii jina, na jina liliwapatia mialiko, ila pato lenyewe lilitokana zaidi na mialiko hiyo.

Hali hii inafanana na ya mwimbaji wa blues Muddy Waters. Mwaka 1941 mtafiti Alan Lomax alimrekodi kwenye shamba la pamba alikofanya kazi huko Mississippi. Rekodi hiyo haikumtajirisha, ila ilimwonyesha kwamba sauti yake inaweza kusimama kwenye santuri. Mwaka 1943 alihamia Chicago, akachukua gitaa la umeme, na baadaye akarekodi kwa kampuni ya Chess. Wimbo wake mmoja wa mwaka 1950 uliipa jina bendi ya Rolling Stones.

### Rekodi za biashara

Kwa Zawose hatua kama hiyo ilikuja katika miaka ya 1980, kupitia kampuni ndogo ya London iitwayo Triple Earth. Albamu Tanzania Yetu (1985) ilimkutanisha na Lubeleje Chiute na Dickson Mkwama, na ilifuatiwa na albamu nyingine kwa kampuni hiyohiyo, Mateso.

Hatua kubwa zaidi ilikuwa kujiunga na Real World Records, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1989 na mwanamuziki wa roki wa Uingereza, Peter Gabriel. Hapo tena historia ya soul inaingia. Gabriel amesimulia mara nyingi kwamba onyesho la Otis Redding aliloliona London katika miaka ya 1960, akiwa kijana, lilibadili maisha yake. Kampuni yake ilitoa albamu tatu za Zawose:

- Chibite (1996): sauti, ilimba na zeze, karibu na upigaji wa asili.
- Assembly (2002): pamoja na mpiga gitaa Michael Brook wa Kanada, ikiwa na gitaa za umeme na mitambo ya studio.
- Mkuki wa Rocho (2002): kurudi kwenye ala za asili.

Katika Chibite na Mkuki wa Rocho alimkaribisha msikilizaji wa Ulaya kwenye muziki wake ulivyo, na katika Assembly alijaribu kwenda nusu ya njia kukutana naye. Albamu hiyo na Mkuki wa Rocho zilitoka mwaka mmoja, kwa hiyo msikilizaji anaweza kuzilinganisha.

## Maonyesho ya jukwaani

Ngoma ya kijijini haina jukwaa. Watu husimama kwa duara, anayetazama huweza kuingia, na wimbo huendelea mpaka wachezaji watosheke. Jukwaani mambo hubadilika:

- Kundi hupewa muda maalumu, mara nyingi saa moja au pungufu.
- Duara hufunguliwa na kuwa nusu duara ili watazamaji waone.
- Mtu mmoja husimama mbele kama kiongozi, na jina lake ndilo linaloandikwa kwenye tangazo.
- Ilimba, ambayo sauti yake ni ndogo, huhitaji maikrofoni.
- Hadhira haielewi maneno, hivyo uchezaji, njuga na ucheshi hubeba kazi kubwa zaidi.

Zawose aliyamudu mabadiliko haya. Sauti yake ilipanda na kushuka kwa upana usio wa kawaida, na alijua kuwachekesha watu wasiojua neno moja la Kigogo. Alitumbuiza katika matamasha ya WOMAD, ambayo Gabriel alishiriki kuyaanzisha mwaka 1982. Mwaka 2002 yeye na mpwa wake Charles Zawose walisafiri na Gabriel katika ziara yake ya Marekani Kaskazini, wakitumbuiza mbele ya wapenzi wa roki waliojaza kumbi kubwa za michezo.

Mwanamuziki mwingine aliyepita njia hii ni Anania Ngoliga, mpiga ilimba na mwimbaji asiyeona. Mpiga banjo wa Marekani Béla Fleck alisafiri Uganda, Tanzania, Gambia na Mali mwaka 2005 kutafuta mizizi ya banjo, ala yenye asili ya Afrika Magharibi, na huko Tanzania alirekodi na Ngoliga pamoja na ukoo wa Zawose. Safari hiyo ilizaa filamu na albamu zilizoitwa Throw Down Your Heart, jina linalotokana na maelezo ya jina la Bagamoyo, yaani "bwaga moyo". Albamu ilipata tuzo za Grammy mwaka 2010. Ngoliga, akifuatana na mpiga gitaa John Kitime, alikwenda Marekani kutumbuiza na Fleck.

## Kizazi kilichofuata

Hukwe Zawose alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003, na Charles alifariki mwaka uliofuata. Kazi iliyokuwa imejengwa juu ya mtu mmoja ilipata pigo kubwa: mikataba na mialiko ilikuwa imefungamana na jina lake. Ukoo uliendelea kupiga muziki na kufundisha, lakini miaka kadhaa ilipita kabla ya jina hilo kusikika tena kwa nguvu nje ya nchi.

Msafiri Zawose, mwana wa Hukwe, alitoa albamu Uhamiaji mwaka 2017 kwa kampuni ya Soundway, ambamo zeze na ilimba vimechanganywa na sauti za mitambo.

Mabadiliko makubwa zaidi yameletwa na wanawake. Katika vikundi vya Zawose wanawake waliimba nyuma na kupiga muheme, wakati wanaume walishika ilimba na zeze na kusimama mbele. Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose wa kizazi cha wajukuu waliunda kundi la The Zawose Queens. Wanaimba mbele na kutunga nyimbo zao, na pia wanapiga ala ambazo zamani zilikuwa za wanaume. Albamu yao Maisha ilitolewa na Real World Records mwaka 2024, na wametumbuiza katika tamasha la WOMAD, ambako Hukwe alipita kabla yao.

## Haki na mapato

Mwanamuziki anayerekodi hupata fedha kwa njia mbalimbali. Kwanza ni malipo ya kutumbuiza, ambayo hulipwa mara moja. Pili ni mrabaha, yaani sehemu ya mauzo ya rekodi. Kwa kawaida mrabaha huanza kulipwa baada ya gharama za kampuni kurudi, hivyo albamu inayosifiwa sana lakini kununuliwa na wachache inaweza isimletee msanii kitu kikubwa. Tatu ni malipo ya hakimiliki wimbo unapopigwa redioni au kutumika kwenye filamu. Kwa wanamuziki wengi wa asili njia ya kwanza ndiyo tegemeo: albamu hufanya kazi ya kuwatangaza, na jukwaa ndilo linalolisha familia.

Nchini Tanzania msingi wa sheria ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, iliyounda COSOTA. Hakimiliki ni ya mtunzi, na hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa kanuni hiyo nyimbo alizotunga Hukwe Zawose zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2053. Hakishiriki ni ya watumbuizaji, watayarishaji wa rekodi na watangazaji. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha kwa wanamuziki ambao nyimbo zao zilipigwa redioni.

Ugumu uko kwenye nyimbo zisizo na mtunzi anayejulikana. Wimbo wa muheme ulioimbwa na vizazi kadhaa hauna mtu wa kuandikwa kwenye fomu. Msanii akiupanga upya na kuurekodi, hupata haki juu ya mpangilio wake, lakini kijiji kilichoulea wimbo hakipati fungu kwa njia hiyo ya kawaida. Sheria ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi na kulitaja Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) katika utoaji wa vibali. Hata hivyo ulinzi huo unategemea mtu kujua kwamba wimbo umetumika, na mwanakikundi wa kijijini Bahi hana njia rahisi ya kujua kinachouzwa London au mtandaoni.

Kwa sababu hiyo kumbukumbu ina thamani ya fedha na ya sheria pia. Kikundi kinachoandika majina ya waimbaji, tarehe na mahali pa kurekodi, na makubaliano na anayerekodi, kina cha kuonyesha siku wimbo wake unapotumiwa na wengine.

## Hali ya sasa

Chamwino hufanyika tamasha la muziki wa Cigogo linalokusanya vikundi kutoka vijiji mbalimbali vya Ugogo. Mwanzilishi wake ni Kedmon Mapana, mwanamuziki na mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambaye baadaye alikuwa Katibu Mtendaji wa BASATA. Tofauti na matamasha ya Ulaya, hapa hadhira yenyewe inaijua lugha, na kikundi kikikosea wimbo watazamaji hutambua.

Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulianza kutekelezwa kwa kasi kuanzia mwaka 2016. Mji mkuu una mikutano, sherehe za kitaifa na wageni wa serikali, na vikundi vya ngoma hualikwa kuwapokea. Soko la muziki wa Kigogo, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa Bagamoyo na ng'ambo, sasa liko pia karibu na Bahi. Mialiko hii hutoa kipato, lakini mara nyingi huwa ya dakika chache za kukaribisha wageni, na kikundi hakitajwi jina.

Wakati huohuo vijana wa Dodoma wanarekodi bongo fleva, injili na hip hop katika studio ndogo, wakitumia kompyuta na simu. Gharama ya kurekodi imeshuka sana kuliko wakati wa santuri na kaseti. Ujuzi wa ilimba na zeze bado hujifunzwa kwa njia ileile ya zamani, kwa kukaa karibu na anayejua, na huchukua miaka.